Kioo Cheusi na Barua Nne Zisizo Zangu

Chumba namba kumi na nne,
Ghorofa ya pili, Bweni la Wanafunzi.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Dada, ndugu na mpambanaji mwenzangu,

Nakuita hivyo kwa makusudi, kwa kuwa ni wewe uliyenifundisha kwamba undugu wa damu mtu hupewa bure, bali undugu wa mapambano huutolea jasho. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, shemeji na mpwa wangu. Je, kifua chako kimepoa? Mama aliniambia kwamba baridi ya huko ilikulaza siku tatu. Mpwa wangu ameota meno mangapi sasa, na je, shemeji ameacha ule mtindo wake wa kuimba akipiga pasi?

Sisi huku hatujambo. Goti la mama linamsumbua akipanda ngazi, lakini ulimi wake hauna ugonjwa wowote, na kila Jumamosi hunikumbusha kwamba alinipeleka chuoni kusoma, si kupiga kelele. Baba amenyoa ndevu zote, na hadi leo tunapishana naye mlangoni kama mgeni.

Nami ni mzima wa mwili. Kinachougua ni moyo, na ugonjwa wenyewe unaitwa wivu. Nimeona nikuandikie wewe kwa sababu ndiwe uliyeuleta, ijapokuwa hukukusudia, na nitakueleza kila jambo kwa mpangilio wake ili usije ukasema nilikushitaki bila ushahidi.

Unaikumbuka kompyuta uliyoniachia siku uliposafiri: lile sanduku jeusi lenye ubavu ulioshikizwa kwa utepe wa gundi, na juu yake kile kikaratasi chako kisemacho "Soma kwanza, gusa baadaye." Siku hizi imekaa katika kijichumba kilicho chini ya ngazi, ambacho ndicho ofisi ya kamati yetu ya bweni. Bado inatumia mfumo uleule huru wa Linux ulioupakia kwa mkono wako. Ndani yake tulikuwa na waraka wa kurasa arobaini na tatu: ushuhuda wa wanafunzi sitini na wawili wa mwaka wa kwanza wanaolala vyumba vya chini, ambavyo uongozi unataka kuvigeuza ghala la viti na meza. Wakiondolewa sasa, katikati ya muhula, hawana pa kwenda. Baraza la chuo lilitangaza kwamba litapokea pingamizi hadi Ijumaa saa sita mchana, na baada ya hapo halitasikiliza neno.

Waraka huo ulikuwa ndani ya kompyuta hiyo na si penginepo. Tafadhali usinigombeze kuhusu nakala ya akiba. Mama amekwisha kunigombeza kwa niaba yako, ingawa hajui nakala ya akiba ni mnyama gani.

Sasa sikiliza nilichofanya. Jumatatu jioni, mbele ya kamati, nilisimama nikahutubu. Nilisema mashine yetu ni huru kuanzia mzizi hadi jani, isipokuwa kwa kitu kimoja: kiendeshi cha kadi ya picha, yaani ile programu inayoielekeza kadi namna ya kuchora kwenye kioo. Kile tulichokuwa nacho kilitengenezwa na kampuni, nayo ikakifunga, asiruhusiwe mtu kusoma kilichomo. Nikauliza: je, tutaandika madai ya haki kwa msaada wa kitu kisichokubali kuulizwa? Nikataka kitolewe, tubaki na kile cha wazi, kilichotungwa na watu wengi na kinachosomeka na yeyote. Dada, sijapata kupigiwa makofi namna ile. Tukapiga kura kwa mikono. Ilinyanyuka mikono kumi na mmoja.

Mkono ambao haukunyanyuka ulikuwa wa binamu yetu, binti wa mjomba, yule tuliyembandika jina la Kimya tangu utotoni kama mimi nilivyobandikwa Kipaza.

"Kaka," aliniuliza, "tukikitoa hiki, nani atachora kioo?"

"Kile cha wazi kipo. Kinangoja zamu yake tu."

"Una hakika hakuna kinachokizuia?"

"Binamu, umezoea kuzuiwa mpaka unaota vizuizi."

Watu walicheka. Nikaketi, nikaandika amri ya kukiondoa kiendeshi cha kampuni kwa vidole vyangu mwenyewe, na nikaizima mashine kama mtu anayefunga kitabu baada ya sala.

Jumanne asubuhi nikaiwasha. Feni ikavuma, mistari myeupe ya maandishi ikapita mbio kama kawaida, kisha kioo kikawa cheusi. Hakikuzimika, Dada, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Kilikuwa cheusi huku kinawaka. Ungeweza kuuona mng'ao hafifu kwenye kingo zake, kama jicho la mtu aliyeamka na anakataa kukusalimu. Nikabadili waya. Nikaazima kioo cha jirani. Nikarudi kwenye ile orodha inayotokea mashine inapoanza kuwaka, nikachagua toleo la zamani la mfumo, nalo likanipeleka kwenye weusi uleule. Katibu wetu, ambaye unajua hana adabu, alisimama mlangoni na mkate mdomoni akasema, "Kihutubie, Kipaza. Huenda kitaamka."

Jumatano, saa nane mchana, nilikata shauri kupakia mfumo wote upya, jambo ambalo lingefuta kila kilichomo. Nilikuwa na kidiski chenye mfumo mpya mkononi. Nilijiambia kwamba ushuhuda tungeweza kuukusanya tena kwa siku mbili, na nilijua kabisa kwamba najidanganya, kwa kuwa wanafunzi wanane katika wale walikuwa wamekwisha kwenda makwao kwa likizo fupi. Lakini kushindwa mbele ya watu kumi na wawili kulikuwa kumenizidi. Nilitaka kufanya jambo, lolote, mradi lionekane.

"Usifute, kaka," Kimya akasema nyuma yangu. "Waraka haujaguswa. Kilichokosekana ni mchoraji tu."

"Umejuaje?"

Alifungua mkoba wake akatoa barua. Nikautambua mwandiko kabla hajaikunjua: ile k yako yenye mguu mrefu, na vile unavyopigia mstari neno mara mbili unapotaka kubembeleza. Kulikuwa na barua nne, Dada. Nne, kila moja kurasa tatu mbele na nyuma, zenye michoro ya vijisanduku na mishale, na kwenye ukingo umemwandikia: "Hapa hata mimi nilikosea mara ya kwanza, usijali."

Mimi katika mwaka mzima nimepata kutoka kwako salamu zinazopitia simu ya mama, baina ya habari za goti na habari za bei ya mkaa. Sikujua kwamba unaandika barua. Nilidhani watu wa huko mmeacha.

Basi nikasimama pembeni nikimtazama mtu mwingine akimtumia dada yangu. Aliiwasha mashine, akasimamisha ile orodha ya mwanzoni, akaingia katika mstari wa amri ya kuwashia, na mwishoni mwake akaongeza tarakimu moja tu, 3. Aliwaeleza wenzetu, kwa sauti ambayo ilibidi wote wanyamaze ili waisikie, kwamba hiyo inaiamuru mashine iamke kwa maandishi matupu, isijaribu kufungua picha yoyote. Ikaamka. Herufi nyeupe kwenye weusi, na kishale kinachopepesa kikingoja neno. Watu wakashusha pumzi. Mimi nilikuwa nimekaa mbele ya weusi ule siku mbili bila kufikiri kwamba huenda mashine ilikuwa nzima, imeshindwa kuchora tu.

Kisha akaiuliza kadi ya picha inaendeshwa na nani. Jibu likaja: hakuna. Akaingia kwenye lile jalada linalotunza maagizo kuhusu viendeshi, akalipekua faili baada ya faili, kidole kikiwa kwenye barua yako, mpaka akafikia faili dogo lenye mistari miwili. Mstari wa kwanza ulikuwa umekipiga marufuku kile kiendeshi cha wazi. Kilichokuwa kimeliandika faili hilo ni kile cha kampuni, siku kilipoingia, ili kisishindane na mtu.

"Mnaona?" akasema. "Aliyefukuzwa ameondoka, ila marufuku yake imebaki. Huyu mwingine alikuwa nje ya mlango muda wote, anabisha hodi."

Nikatia mkono mfukoni, nikaupata mkunjo wa karatasi, nikautoa mkono haraka.

Alilifuta faili lile, akaiamuru mashine ipange upya kile kifurushi inachokibeba kwanza inapoamka, kwa sababu hata humo nakala ya marufuku ilikuwamo, kisha akaiwasha upya. Ilipofika pale penye weusi tukainama sote mbele yake. Kioo kikapepesa mara moja, kikachora ile picha yako ya mlima, na waraka ukawa pale ulipokuwa, kurasa zote arobaini na tatu.

Walimbeba juu juu, Dada. Katibu aliyekuwa akinidhihaki alimpa kiti changu. Mimi nikatoka nje, nikasimama penye kamba ya kuanikia nguo, nikajifanya natafuta shati langu.

Alinifuata. Nikamuuliza, bila salamu, kwa nini dada yangu anamwandikia yeye. Nilisisitiza neno "yangu", najua, na naona haya kulirudia hapa.

"Kwa sababu nilimuuliza," akasema. "Wewe hujawahi kumuuliza dada kitu, kaka. Wewe humwambia."

Kisha akaokota vibanio viwili vilivyoanguka, akavirudisha kwenye kamba, akaenda zake kuchapisha waraka. Nimeyaandika maneno yale pembezoni mwa daftari langu la falsafa.

Ijumaa saa nne asubuhi tuliuwasilisha waraka, tukapata muhuri wa kupokelewa, na baraza limekubali kutusikiliza wiki hii. Limetoa dakika kumi kwa msemaji mmoja. Kila mtu alinitazama mimi, kwa mazoea.

Hapa napaswa kukuungamia lililo zito. Ile karatasi iliyokuwa mfukoni mwangu ni orodha ya wasemaji. Wiki tatu zilizopita Kimya alisimama mkutanoni akasema kwa dakika tatu tu. Yeye analala chumba cha chini, namba tano, na alieleza namna wanavyopanga zamu ya kukaa karibu na dirisha lile moja ili kusomea mwanga wa jua. Hakunyanyua mkono wala sauti. Hakuna aliyempigia makofi. Watu walikaa tu, na mmoja akafuta macho. Mimi nilipohutubu baada yake, nilisikia maneno yangu yakidunda ukutani. Usiku huo niliichukua orodha nikalikata jina lake kwa wino mwekundu. Nilijiambia kwamba mtu wa mwaka wa kwanza hana uzoefu. Sikumwambia mtu, naye hakuuliza mbona haitwi tena. Alikaa nyuma, akisikiliza.

Jana niliandika orodha mpya. Ina jina moja, na silo langu.

Usidhani kwamba nimepona. Nikifikiri kwamba barua yako ya tano huenda iko njiani kwenda chumba namba tano, natamani kumvizia tarishi mlangoni. Nina uchungu nawe kwa kila ukurasa uliompa. Lakini nimejifunza kwamba analolipata mtu hulipata kwa kuuliza, basi nami nauliza, kwa mara ya kwanza, na ninaahidi kunyamaza mpaka unijibu: hivi kabla hujamwondoa aliyeshika mlango, unajuaje marufuku alizoziacha ziko wapi? Wewe ulipokosea mara ya kwanza, ulifanyaje? Na huko uliko, Dada, nani anakusikiliza jioni, unapochoka?

Mama anakusalimu na anasema umpeleke mpwa akapimwe masikio. Baba anakusalimu kwa uso wake mpya. Shangazi mshonaji anakutumia salamu na anaulizia vipimo vya shemeji, mabega hasa. Katibu naye anasalimu, ingawa hastahili. Msalimie shemeji, na umbusu mpwa kipajini, mwambie ana mjomba mwenye sauti kubwa anayejifunza kusikiliza. Mungu akulinde katika baridi hiyo, akufungulie milango yote, na asikuache nyuma ya mlango hata mmoja.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye kwa wivu na bila kiasi,

Kipaza.

Tunakutana Jumatano saa tatu asubuhi, mbele ya ukumbi wa baraza. Atakayesema ni Kimya. Mimi nitaibeba kompyuta yenye waraka, na nitaiwasha saa mbili na nusu.