Mkolombia Asiyepanda Mlima

Jumatatu, 2 Juni 2025
Mpangaji wetu Duván amerudi kutoka mazoezini kabla ya wenzake — kwa treni! Kutoka stesheni yetu ya Stechford hadi mlangoni alitembea kwa soksi, viatu vya baiskeli mkononi, baiskeli begani. Nikadhani ameanguka. Hapana. Kilima kimemshinda.

Binti yangu Beverly amenieleza, kwa Kiingereza kama kawaida yake. Mark, meneja wa timu yake ya baiskeli, alisikia “Mkolombia” akasaini mkataba bila kuuliza. Wakolombia ni watu wa milima, si ndiyo? Kumbe huyu kwao ni Montería, tambarare kama meza. Yeye ni sprinta: anajificha nyuma ya wenzake siku nzima, halafu karibu na mwisho anatoka kama risasi. Ameshinda hivyo kwao, Argentina, hata Ureno. Mlimani ni mzigo.

Nimecheka hadi chai ikapanda puani. Kisha nikaona aibu. Si kijana tena, na hana kazi nyingine anayoijua.

Jumatano, 4 Juni
Mark alikuja. Akala chapati zangu, akasema Jumapili kuna mashindano hapa mjini, barabara tambarare. Duván asiposhinda, mkataba basi. Na viza nayo. Alisema kwa upole sana, huku mkono ukielekea chapati nyingine. Nikaondoa sahani.

Ijumaa, 6 Juni
Duván hali chakula. Nimekaa naye pale mezani mpaka akasema. Mwaka jana, kona ya mwisho, kundi zima lilianguka. Bega lake likavunjika. Tangu siku hiyo kila akifika kona ya mwisho vidole vinabana breki vyenyewe. Mark hajui.

“Kichwa kinasema nenda, Mama Bev. Vidole vinasema ngoja.”

Nikamsimulia habari za mzee mmoja ninayemtunza kazini. Alianguka bafuni, sasa anaogopa hata kizingiti. Huwa natangulia mbele yake kinyumenyume, namwambia aniangalie mimi, asiangalie sakafu. Basi.

Halafu akauliza Jumapili nitasimama wapi.

Jumapili nina shift. Nina kanisa pia.

Jumamosi, 7 Juni
Shemsa wa kazini amekubali kunishikia shift, nami nimfanyie yake ya Krismasi. Krismasi! Mume wangu Alfayo anasema nimelogwa na baiskeli. Kisha akauliza kama kutakuwa na mahali pa kuegesha gari.

Pasta nilimwambia tu sitafika ibadani, naenda kumshangilia Duván. Akaitangazia kwaya yetu.

Jumapili, 8 Juni
Naandikia kwenye gari la timu, mguu wa Duván juu ya magoti yangu. Umekaza msuli, hawezi kuukunja.

Kwaya nzima ilikuja na majoho ya njano. Tulijipanga ng'ambo ya kona ya mwisho. Askari alituuliza sisi ni maandamano ya nini. Alfayo akajibu, ya amani.

Raundi zote sikumwona, amejificha huko nyuma. Kengele ya raundi ya mwisho ikalia. Wakaja kama nyuki waliochokozwa. Kwenye kona mmoja akateleza, wawili wakamwangukia, chuma kikilia kwenye lami. Nikafumba macho. Nikayafumbua — Duván huyo, kichwa juu, ananitazama mimi na ile njano yote, anapita katikati yao. Nikawa narudi kinyumenyume bila kujua. Nimemkanyaga pasta.

Kwenye mstari walikuwa wawili, bega kwa bega. Waamuzi wanatazama picha hadi sasa. Kwaya imeshaanza wimbo wa shukrani. Mama wa yule mshindani mwingine naye anashangilia, tena ananikumbatia. Mark amekuja kuniuliza mimi nani ameshinda.

Duván hajauliza. Anakunja vidole, anavinyoosha, anavitazama kama amevikuta njiani.

“Sikugusa,” ameniambia.

Mark anauliza hakugusa nini. Hatumjibu. Spika imewashwa, mwamuzi anakohoa —