Adhana Iliyofungiwa Simuni

Baba,

Simu yako imeniambia asubuhi hii kwamba hujatembea vya kutosha. "Hatua 0. Usikate tamaa, leo ni siku mpya!" Ndivyo ilivyoandika, chini ya picha ya kijana anayekimbia huku akicheka. Huu mwezi wa tano uko makaburini nyuma ya msikiti, na hicho kidude kila kukicha kinakuhimiza uamke ukakimbie. Wiki za mwanzo kilikuwa kikiniliza. Siku hizi kinanichefua tu.

Utauliza kwa nini nakitia chaji. Wajua kwa nini. Uliniachia kazi moja.

Nina habari kubwa ya kukupa, lakini nitaitoa kwa mpangilio wake. Nikianza nayo sitakuwa na hamu ya kuandika haya mengine, na haya mengine nataka uyajue, kwa sababu nimeyameza kwa muda mrefu na sina wa kumwambia. Ami Bakari akisikia neno simu huondoka zake. Mama nisingeweza kumtia simanzi zaidi ya aliyonayo. Shuleni unanijua nilivyo, nikinyoosha mkono darasani mwalimu hudhani naomba ruhusa ya kwenda msalani.

Unakumbuka siku tuliyomrekodia adhana mtoto aliyekuwa tumboni mwa Mama? Mimi naikumbuka mpaka rangi ya shati lako. Ulikuwa huwezi tena kwenda kazini Diani, pampu za bwawa la hoteli walikuwa wameshampa mtu mwingine, na kifua kilikuwa kikikubana hata ukifunga kamba za viatu. Ukaniita nyuma ya nyumba, kando ya tangi la maji, kwa sababu ndani feni inapiga kelele. Ukaelekea kibla, mkono sikioni, kana kwamba Msambweni nzima inakungoja wewe. Mara ya kwanza mbuzi wa jirani akaingilia. Mara ya pili ukakohoa katikati, ukasema, "Futa hiyo, asije akadhani babake ni injini mbovu." Mara ya tatu ikatoka. Ukasikiliza mpaka mwisho, ukatikisa kichwa, ukasema, "Haya. Nikiwahi, nitamwadhinia mwenyewe. Nisipowahi, mwekee hii sikio la kulia, sauti ndogo, usimshtue."

Nikakwambia niitume kwenye simu ya Mama ikae salama. Ukakataa. Ulitaka Mama asiisikie kabla ya mtoto mwenyewe. "Mambo ya simu nakuachia wewe, msomi wangu." Msomi wako nikasema sawa, Baba. Sikubishana. Natamani ningebishana mara hiyo moja tu.

Ulikufa saa nne asubuhi na baada ya alasiri ulikuwa umeshazikwa, kama inavyotakiwa. Siku zile za matanga nani angekumbuka simu? Ikaishiwa na chaji ndani ya mfuko wa kanzu yako. Nilipoiwasha ikasema kwamba kwa usalama wako haitaki kidole tena, inataka nambari sita za siri. Kwa usalama wako! Nambari hizo hata wewe hukuzijua. Aliziweka yule kijana wa duka la Ukunda siku uliyoinunua, akakuwekea na akaunti, na tarehe ya kuzaliwa aliyoitunga mwenyewe, kisha akakufundisha kuweka kidole basi. Nilimtafuta. Pale dukani sasa wanauza manukato na nywele za bandia, na hakuna anayejua alikohamia.

Nilijaribu tarehe yako ya kuzaliwa. Nilijaribu yangu. Nilijaribu nambari iliyochorwa kwenye sanduku lako la vifaa. Kila nikikosea ikaniadhibu, kwanza dakika moja, kisha saa, kisha siku nzima, kama mwalimu wa zamu asiye na kazi nyingine. Ulikuwa ukisema pampu ikiharibika inakwambia yenyewe, ukiisikiliza unajua inaumwa wapi. Hii haiumwi popote. Ni nzima kabisa. Ndiyo maana naidharau.

Ami Bakari akanipeleka kwa fundi mmoja, Ukunda hukohuko, kijana wa bara mwenye vibao vingi mlangoni. Akaigeuza mara mbili, akasema, "Siste, naweza kuiflash, lakini kila kitu kinaenda. Picha, sauti, zote." Nikamwambia sauti ndiyo ninayoitaka. Akacheka kidogo, si kwa ubaya, akasema, "Lakini hii ilikuwa kitu rahisi. Si mngembonyezesha kidole kabla mumzike?"

Baba, aliyekuosha ni Ami Bakari. Vidole vyako vyote kumi vilipita mikononi mwake. Alikuwa amesimama kando yangu. Aliichukua simu, akasema, "Ahsante, mwanangu," tukatoka. Hatua chache mbele akakaa kwenye ngazi ya duka la mtu, akauangalia mkono wake kwa muda mrefu. Na mimi badala ya kumfariji nikawa nawaza mambo mengine kabisa, nawaza ni watu gani hao, huko walikokaa, waliotengeneza kitu ambacho ili ukifungue lazima umfikirie marehemu wako hivyo.

Njia iliyobaki ilikuwa akaunti. Ukiingia kwenye akaunti, simu inafunguka. Lakini akaunti, kabla ya kukuruhusu, inatuma nambari kwenye laini yako. Na laini yako ilikuwa imefungwa, kwa sababu siku ya tatu Ami Bakari, kwa uaminifu wake, aliwapigia wenye laini kuwaarifu kwamba ndugu yake amefariki, asije mwizi akalitumia jina lako kutapeli watu. Ungefanya vilevile. Kufunga waliifunga palepale, hata hakumaliza kueleza. Kwa kufunga ni hodari.

Kufungua ndiyo hadithi. Nilikaa foleni ofisini kwao nikiwa na sare ya shule, nimeandika maelezo yangu kwenye karatasi nisisahau. Kijana wa kaunta hakuinua macho.

"Kitambulisho cha mwenye laini."

Nikamwambia kilichukuliwa kwa chifu tulipoandikisha kifo.

"Bila original hatuwezi. Ama mke wake akuje mwenyewe tumpige picha ya uso."

"Mama yuko eda."

"Eda ni mbali? Si apande boda."

Nyuma yangu mama mmoja mwenye buibui akapaaza sauti, "We kijana! Eda si steji! Mwanamke amefiwa na mumewe, hatoki nje! Na hapa Kwale umeajiriwa na nani, hujui eda?" Foleni yote ikaangua kicheko. Yule kijana akagonga gonga kibodi yake, akasema, "Basi akirudi, mwambie apite."

Mimi nilitamani sakafu inimeze. Lakini njiani kurudi nikajikuta nacheka peke yangu. Ungecheka mpaka ukakohoa.

Na Mama, kwa kuwa alikuwa na mimba, eda yake ilikuwa mpaka ajifungue. Kwa hiyo yule ambaye tungemhitaji kabla mtoto hajazaliwa, angeruhusiwa kutoka mtoto akishazaliwa. Niliwaandikia wenye akaunti nikawaeleza hivyo, kwa Kiswahili kizuri, aya tatu, nikitumia simu ya Mama. Akanijibu mtu anaitwa Neema, ana picha ya msichana anayetabasamu. "Habari njema! Nipo hapa kukusaidia. Tafadhali mwombe mwenye akaunti aingie ili athibitishe ombi lako." Nikaandika: mwenye akaunti amefariki. Neema akajibu: "Ahsante kwa kunijulisha. Je, mwenye akaunti anaweza kutumia kifaa kingine?" Nikaandika: yuko kaburini. Neema akaniuliza kama ningependa kukipima kiwango cha huduma aliyonipa, nyota moja hadi tano.

Neema si mtu, najua. Lakini kuna mtu aliyeketi akaamua Neema awe na tabasamu, akaamua aseme "habari njema" kabla hajajua habari yenyewe. Huyo ndiye ninayemdharau. Nimesoma vitabu vyenye watu wabaya wengi na angalau walikuwa wakijua wanamkosea nani.

Kabla hawajaniruhusu hata kumfikia huyo Neema, walinitaka nithibitishe kwamba mimi ni binadamu. Nichague picha zote zenye bomba la zimamoto. Bomba la zimamoto, Baba, hapa Msambweni! Nilibahatisha nikakosea mara mbili, wakaniambia nijaribu tena baadaye. Mbuzi wa jirani angejibu vilevile.

Basi nikawa nahesabu. Tumbo la Mama likawa linakua na mimi nahesabu. Mwezi wa nne nikaipiga nambari yako kutoka kwa simu ya Mama, sijui kwa nini, nadhani nilitaka tu kusikia ile sauti ya kwamba mteja hapatikani. Ikaita. Iliita, Baba. Kisha mwanamume akapokea, nyuma yake muziki, akasema, "Sema, boss." Nikakata. Wameshampa mtu. Sasa hata Mama angekwenda na uso wake na machozi yake, hakuna laini ya kufungua. Sikumwambia mtu, nilikwenda kukaa kando ya tangi mpaka nikaitwa kula.

Sasa habari yenyewe.

Mama alishikwa na uchungu Jumamosi alfajiri, wiki mbili kabla ya siku zake. Shangazi Mwanajuma ndiye aliyekuwapo. Ami Bakari alikuwa ameshaondoka kwenda Samburu kununua mbuzi, na tulikuwa tumekubaliana kwamba simu ikishindikana yeye ndiye atakayeadhini. Tukaenda hospitali. Nilichukua nepi, leso mbili, chupa ya chai, na simu yako. Ndiyo, nilikuwa bado naamini. Nilikuwa na nambari moja ya kujaribu, niliyoiota, hata nikitaka kukueleza jinsi gani sitaweza.

Saa tatu asubuhi akazaliwa. Msichana. Wakampangusa, wakamfunga, wakampa Shangazi. Nikasogea pembeni nikaitia ile nambari. Ikatetemeka. Si sahihi. Jaribu tena baada ya saa ishirini na nne.

Nikaendelea kusimama nimeishika. Shangazi akaniambia, "Iko wapi hiyo adhana?" Nikamwonyesha kioo. Akakisoma polepole kama anavyosoma kila kitu, kisha akasema, "Weka chini hicho kidude."

"Nimpigie Ami, arudi?"

"Arudi kutoka Samburu, mtoto akae anangoja gari? Kwani wewe huna mdomo?"

"Shangazi, mimi mwanamke."

"Na mimi mwanamume? Hata mwanamke yajuzu, muulize Maalim ukitoka hapa. Njoo. Unaijua au huijui?"

Naijua. Nani asiyeijua. Lakini yako niliijua zaidi, Baba. Nilikuwa nimekushikia simu usoni mara tatu, nikijua unavuta pumzi wapi, unarefusha wapi, wapi unapunguza sauti kama mtu anayeingia kwenye nyumba yenye mgonjwa. Nikaikalia ile ncha ya kitanda. Mama akanisogezea mtoto mwenyewe, akanirekebishia mtandio wangu. Nikainama kwenye sikio la kulia, sikio dogo hivi, limejikunja bado. Allahu Akbar ya kwanza haikutoka. Nikaanza tena. Nesi aliyekuwa akipita na beseni akasimama mpaka nikamaliza. Kwenye sikio la kushoto nikamkimia, ule wito mfupi wa pili, na hapo sauti ilikuwa imeshatulia, nikasema polepole kama ulivyoniagiza, nisimshtue. Hakushtuka. Alikunja uso kama mtu anayefikiria hoja, kisha akapiga chafya. Mama alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja, akaniuliza nilijifunza lini kuivuta kama wewe. Nikamwambia yote, kuhusu tangi, kuhusu mbuzi, kuhusu injini mbovu. Nilizungumza labda robo saa bila kukatizwa. Sidhani nimewahi.

Sikuifanya kazi uliyonipa, Baba, hilo nakiri. Sauti yako bado imo mle ndani na yawezekana haitatoka kamwe. Nakasirika nikiandika hivi, na nitaendelea kukasirika. Wasijidanganye kwamba mambo yamekwisha salama kwa sababu sisi tulijipatia njia. Wao hawakusaidia lolote.

Lakini mtoto ameadhiniwa. Ijumaa hii ni siku ya saba, atapewa jina la mama yako, Mwanamisi. Ami Bakari amerudi na mbuzi wa akika, na amenitania mbele za watu kwamba nimemnyang'anya kazi. Nimemjibu. Muulize Mama, nimemjibu mbele za watu.

Nakuahidi jambo moja, na hili halihitaji nambari ya siri. Kila atakachotaka kukijua juu yako atakisikia kwangu, kwa mdomo, mara nyingi kadiri atakavyo, hata nikiwa na mtihani kesho yake. Nitamfundisha na adhana yenyewe, vile ulivyokuwa ukiivuta. Simu nitaitunza kabatini. Leo sitaitia chaji.

Ameamka. Ana sauti kubwa, jirani ameshauliza kulikoni. Mungu akupanulie kaburi lako, Baba, akutie nuru humo. Naenda kumbeba.

Binti yako,
Mejumaa