Kumpumzisha Marigu

Jumamosi, Nkubu. Manyunyu tangu alfajiri, na moyo wangu umetulia kuliko ulivyotulia mwezi huu wote.

Kosa ambalo wengi wetu hufanya tunapotaka kujua kama mtu mzima bado ana sababu ya kuishi ni kumwuliza kama anashukuru. Huku kwetu kila mtu anashukuru. Mwulize mgonjwa aliyelazwa, atakuambia Mungu ni mwema. Hiyo ni adabu, na ni imani pia. Lakini si kipimo.

Ningepaswa kulijua hilo mapema. Tangu nistaafu ualimu nimekuwa nikiwashauri watu wazima kanisani, na nina maswali yangu ya kupima. Je, maisha yako yana mwelekeo? Unayoyafanya yana maana kwako? Mtu hujibu kuanzia "hapana kabisa" hadi "ndiyo kabisa". Ni maswali mazuri, na yamenisaidia kwa wengi.

Mwezi uliopita niliyapeleka kwa dada yangu mkubwa, Marigu, kule Siakago, Mbeere.

Mwanawe Nyaga alikuwa amenipigia simu kwa hofu. Mama amekataa kula. Anashinda kitandani akitazama ukuta. Daktari amempima asione ugonjwa. Mjane wa umri ule akianza kuukataa hata uji, kila mtu anajua mwisho wake, ingawa hakuna anayeutaja.

Nilimkuta katika nyumba mpya ya mawe waliyomjengea watoto wake, blanketi jipya magotini. Nikamwuliza maswali yangu yote. Ndiyo kabisa, ndiyo kabisa, Bwana asifiwe. Kwa kipimo changu, Mbeere nzima haikuwa na mtu wa kumshinda.

Sikuamini, lakini sikuwa na swali jingine.

Nilipokuwa nikiaga nikasema tu, kwa mazoea, "Haya dada, kesho una kazi gani?"

Akanitazama kana kwamba nimemdhihaki. "Mimi? Kesho ni ya wenye mbuzi, mwalimu."

Ndipo nikaona zizi likiwa tupu. Watoto walikuwa wamempumzisha. Ndivyo tunavyoonyesha upendo huku: mzazi akizeeka, mtoto mwema humnyang'anya jembe, huajiri msichana wa kumpikia, na majirani humsifu. Nyaga alikuwa amewapeleka mbuzi wote kwa kaka yake, ng'ambo ya mto, ili mama asikimbizane nao juani. Hakuwa na ubaya wowote. Heshima ndiyo iliyomponza.

Nilimwita Nyaga kando nikamweleza. Watoto aliowasomesha mama yako na nyumba aliyojengewa ni kazi iliyokwisha. Anaweza kuishukuru bila hata kutoka kitandani. Kinachomwamsha mtu kiko mbele yake, mahali ambapo kitu kitaharibika asipofika.

Nyaga alipinga. "Lakini mjomba, watu watasema nini? Nimemfanya mama mchungaji?"

"Watasema yuko hai," nikamjibu.

Alinung'unika, lakini akarudisha mbuzi wachache, mmoja wao akiwa na mimba. Tangu siku hiyo nimekuwa nikishtuka kila simu inapolia.

Leo asubuhi nimempigia dada mwenyewe. Simu imeita hadi nikaanza kuogopa. Akapokea akihema, na mbuzi wakipiga kelele karibu naye.

"Mwalimu, wewe huna kazi? Kuna kabuzi kamezaliwa hapa kanakataa kunyonya, na mama yake ni mjinga kama wewe. Nipigie jioni!"

Akakata.

Nimecheka peke yangu hadi mke wangu akaja kuuliza kuna nini. Baadaye Nyaga ameniambia kwamba mama anakula sasa, tena akiwa amesimama, na kwamba anawagombeza wote kuanzia asubuhi. Ameyasema kama mtu anayelalamika, lakini nilisikia furaha katika sauti yake.

Sijidanganyi. Uzee hauna dawa. Magoti yake bado mabaya, na huenda siku moja mbuzi watamshinda kweli. Siku hiyo tutamtafutia kazi ndogo zaidi, hata kama ni kuchambua mbegu za ndengu akiwa ameketi.

Wewe unayesoma, kama una mzee nyumbani, mpelekee leo kazi moja inayohitaji mikono yake, na usimmalizie.