Wajinga Wetu na Gari Lao

Marahaba, mjukuu wangu Neema. Bibi yako hajambo, na dagaa wako tumekwisha kuwaanika.

Umeniuliza kwa nini msomi kama mimi hachoki kutazama filamu ile ya kipuuzi, ya marafiki wanaosukuma gari huku mwenzao amelala ndani, mguu kwenye breki.

Nikiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, niliingia kibanda cha video hapa Katonga ili niizimishe. "Ndugu wananchi," nilinguruma mbele ya televisheni, "mnachekaje upuuzi ilhali wakimbizi wanavuka ziwa?"

Mama mmoja aliyepakata mtoto akajibu taratibu, "Mwanangu, wakimbizi ndio sisi. Kaa chini, umewaziba wajinga wetu."

Nikaketi kando yake. Gari halikusogea, mama akacheka hadi akaniegemea, nami nikazisahau hoja saba zilizobaki.

Ukija likizo tutaitazama pamoja, mradi usisimame mbele.

Babu yako