Nta Inakwenda Wapi

Jumatatu, 9 Februari

Leo Mama Darubini alikaa nyuma darasani kwangu, kunikagua nikifundisha. Ndiye mkuu wa masomo ya sayansi. Jina hilo kapewa na wanafunzi, naye analijua. Somo lilikuwa kuungua kwa vitu. Nililikimbiza kama mtu anayeanua nguo mvua ikianza. Ubao ukajaa, nikafuta, ukajaa tena. Nilidhani nimeng'ara!

Mwishoni binti mmoja anayekaa dirishani akanyoosha mkono. Mshumaa unawaka mpaka unaisha, akasema, lakini nta inayodondoka kwenye sahani ni kidogo. Nyingine inakwenda wapi? Nikamjibu tutaliona baadaye. Kengele ikaniokoa.

Nje Mama Darubini hakunikaripia. Afadhali angenikaripia. "Mwanangu, leo umeulizwa swali moja tu la maana, na umelizika likiwa hai."

Jumanne, 10 Februari

Chakula hakikupita. Shangazi, ninayeishi kwake tangu nianze kazi, akauliza nani kanikanyaga. Nikamweleza. Alikuwa anashona, akatoa kwanza pini mdomoni, ndipo akacheka.

"Kwani wewe unajua inakwenda wapi?"

Najua! Nimefaulu mitihani kwa hilo.

"Sasa mbona hukumwambia mtoto wa watu?"

Jibu ni kwamba swali lile halikuwemo kwenye maandalizi yangu. Niliogopa kutoka njiani.

Alhamisi, 12 Februari

Mishumaa, kila meza mmoja, na glasi kavu, baridi. Nikawaambia wafunike moto kwa glasi waangalie. Basi. Mimi kazi yangu ilikuwa kunyamaza – kazi ngumu kuliko kufundisha! Mara mbili nilijiuma ulimi.

Glasi zikaingia ukungu. "Maji! Moto unatoa maji!" Mwingine akabisha: ni jasho la mikono yako. Wakafuta, wakarudia, wakabishana tena. Kisha tukamimina maji ya chokaa ndani ya glasi na kuyatikisa, yakawa meupe kama yametiwa maziwa. Ndipo nikawaeleza kuhusu kabonidayoksaidi, hewa isiyoonekana inayotoka motoni.

Binti wa dirishani akasema taratibu: kumbe nta haipotei, inageuka tu, halafu inaondoka bila kuaga.

Bila kuaga! Chuoni sikuwahi kusikia ikielezwa vizuri hivyo.

Mwalimu wa hesabu akachungulia kutoka darasa la jirani, akauliza arusi ni ya nani.

Jumatano, 18 Februari

Habari mbili. Mama Darubini anafanyiwa upasuaji wa goti, hatafundisha tena muhula huu. Na amependekeza darasa lake la mtihani nilichukue mimi. Mimi! Wino wa cheti changu haujakauka.

Mkuu wa shule akaniita. Unajiona wapi baada ya miaka mitano? Nikajibu upuuzi fulani kuhusu kujiendeleza. Ukweli ni kwamba nilikuja hapa kama mtu anayevuka daraja. Mwaka mmoja, kisha chuo kikuu tena, utafiti, koti jeupe, utulivu. Wiki hii sikuuwaza huo utulivu hata kidogo. Nilikuwa nawaza chumba kile cha viti vibovu nyuma ya maktaba. Kina sinki. Kina madirisha mawili mapana. Kikitolewa vile viti kingekuwa maabara.

Masomo ya juu bado nayataka. Lakini sasa nataka kwenda nikiwa na maswali yangu mwenyewe mkobani.

Jumamosi, 21 Februari

Mkutano wa wazazi. Mkuu alipotangaza kwamba nitashika darasa la mtihani, baba mmoja akasimama. Muuza viatu, mtu wa sauti nzito. Kwa heshima zote, akasema, mwanangu ana mtihani mwaka huu. Afundishwe na mtoto mwenzake?

Wengine wakapiga makofi. Makofi kabisa!

Mkuu akanigeukia. Nikasimama. Nikamwamkia yule mzee kwanza. Nikasema ni kweli, mimi mgeni katika kazi. Nisilolijua nitamuuliza Mama Darubini. Goti ndilo linalopasuliwa, kichwa kipo salama. Hapo wachache wakacheka. Alama sikuahidi. Nilisema tu kwamba hakuna mtoto atakayeuliza swali kwangu likapotea. Nikakaa.

"Tutaona," akasema muuza viatu.

Wamenipa hadi mwisho wa mwezi ujao. Isipofaa, atatafutwa mwingine.

Jumapili, 22 Februari

Nimeshinda ndani. Nimemkasirikia yule muuza viatu. Shangazi ananipimia blauzi mpya, bila kuombwa.

"Hajakukataa wewe," anasema. "Anamwogopea mwanawe. Mwenye mtoto kwenye mtihani hana masikio, ana moyo tu. Nyoosha mkono."

Jumatatu, 23 Februari

Siku ya kwanza na darasa la mtihani. Wakubwa, wengine wamenipita urefu. Nilikosea hesabu ubaoni. Aliyeona kosa ni mwana wa muuza viatu – nani mwingine! Darasa zima likanitazama. Nikasema umeona vizuri, njoo utuonyeshe. Akaja, akarekebisha, akarudi kukaa akitazama sakafu.

Mwezi uliopita ningelia chooni. Leo nilikula andazi.

Alhamisi, 26 Februari

Naandika upesi, ni mapumziko. Leo tuna vipindi viwili vya umeme, kimoja kimekwisha.

Asubuhi muuza viatu alikuwa mlangoni, shati limepigwa pasi. Amekuja kuona kwa macho yake, mchana amweleze mkuu. Mkuu akaninong'oneza kwamba naweza kukataa. Nikakitazama kile kifua kilichofura, nikakumbuka maneno ya shangazi. Nikasema karibu, baba. Akakaa nyuma, magoti hayaenei chini ya dawati. Mwanawe kajificha nyuma ya kitabu.

Niligawa betri, nyaya na balbu. Meza zote zikapata mwanga isipokuwa ya mwanawe. Nilitaka kwenda kumwonyesha. Nikajizuia. Nikamuuliza tu: mkondo unaanzia wapi, unarudi vipi? Akakwama. Baba mtu akatikisa kichwa, sijui kwa nani.

Kengele ikalia, wote wakatoka. Wote, ila hao wawili. Kutoka dirisha la ofisi ya walimu nawaona. Baba amehamia meza ya mbele. Kashika waya mmoja, mwana kashika mwingine, vichwa vimegusana, na wanabishana! Mkono wa baba unaenda huku na huku. Mwana anakataa, anamnyang'anya betri, anaigeuza. Sijui mzee huyu atamwambia nini mkuu mchana. Uso wake siuoni.

Mwalimu wa hesabu anauliza kama aende kuwatoa, chai inapoa. Nimemwambia aachane nao.

Balbu bado haijawaka. Wamefungua nyaya zote, wanaanza upya. Kengele hiyo!