Gari la Kunirudisha Magamba

Jumamosi, 1 Machi 2025

Kalamu bado inanitii. Leo limeletwa gari la kwanza. Jeupe, refu, kimya kabisa. Nilikuwa barazani na blanketi magotini, sikulisikia mpaka lilipofika kwenye kibanda cha kuku. Kuku wenyewe hawakulisikia! Yudith ndiye aliyewapigia kelele wakimbie.

Aliyelileta ni Valentino, kijana wa yadi moja ya magari huko Dar. Yuko Lushoto na magari mawili ya umeme ya kuwaonyesha watu wa hoteli. Nilimwomba anipandishie moja moja huku Magamba. Ana adabu, alinipa shikamoo kabla hajafunga mlango wa gari. Bei za haya mawili hazipishani sana, na pesa za miti ya misindano niliyouza zinatosha kwa lolote. Kwa hiyo kazi ni kuchagua tu. Tu!

Atakayeendesha ni Yudith, binti yangu, muuguzi wa zahanati. Anavyojua yeye, gari ni la kunipeleka Moshi kwenye kliniki ya moyo. Alikwenda nalo hadi kanisani na kurudi, ameshika usukani kama mtu aliyeazimwa sahani za harusi. Alisema ni zuri, ila haoni mkia wake unaishia wapi.

Mimi nilimwuliza Valentino: viti vya nyuma vikilazwa, sakafu ina urefu gani? Akauliza kama nataka kubeba magodoro. Nikasema kabichi. Kabichi! Mwalimu wa fizikia anapima kabichi kwa urefu. Valentino alicheka kwa heshima. Yudith hakucheka.

Jumatatu, 3 Machi

Mchungaji alikuja na chakula cha Bwana. Niliungama yale ya siku zote. Hili sikuliungama, kwa hiyo naliandika hapa.

Mara ya mwisho kliniki, Yudith alipokwenda dirisha la dawa, daktari alifunga mlango tukabaki wawili. Moyo umechoka, alisema. Ikifika siku ya kulazwa Moshi, nisitegemee sana kurudi. Alisema kwa upole, akanipa na mkono. Yudith sikumwambia. Kwa hiyo gari ninalolichagua si la kunipeleka. Kwenda nitakwenda hata kwa basi. Ni la kunirudisha.

Marehemu mke wangu, Eliza, alirudi kutoka Tanga kwa pikapu ya kukodi. Jeneza lilikuwa refu kuliko bodi, likatokeza nje, limefungwa kamba ya katani. Tulipofika Soni injini ikachemka. Tukasimama katikati ya wauza karoti, dereva anamwaga maji kwenye rejeta, gari la nyuma linatupigia honi. Mama mmoja alichagua kabichi zake huku ameegemea bodi, hakujua ameegemea nini. Na Eliza alikuwa mtu ambaye hata kanisani hakupenda kuketi mstari wa mbele, asitazamwe.

Tangu siku ile nilisema mimi sitapanda hivyo. Nitapanda ndani, mlango umefungwa, gari la nyumbani, injini ya kuchemka haimo.

Najua ni kiburi. Maiti haioni haya. Lakini mimi bado si maiti, na haya ninaiona sasa.

Jumamosi, 8 Machi

Gari la pili. Jekundu, fupi, tumbo liko juu kama la mbuzi. Yudith alikuwa na chanjo za kupeleka bondeni, akamwambia Valentino tulijaribie huko huko. Ile njia ya matope ambayo bodaboda huteremsha abiria wasukume! Kila wiki hupita hapo na lile boksi la chanjo mapajani. Walipotea asubuhi nzima. Nilianza kuomba.

Walirudi gari limepakwa udongo hadi madirishani, na Yudith anacheka. Sijui ni lini nilimsikia akicheka kutoka tumboni. Valentino hakuwa anacheka. Yudith akaniambia, Baba, tukishuka chaji inapanda!

Nilimweleza. Kwenye mteremko magurudumu ndiyo yanayoizungusha mota, nayo inageuka dainamo, kama ile ya baiskeli niliyokuwa nikiingia nayo darasani. Mteremko unakurudishia ulichotumia kupanda. Sehemu yake. Si chote — hilo nililisisitiza kila mwaka, na kila mwaka walilikosa kwenye mtihani.

Kisha Valentino akanifungulia buti. Fupi. Hata viti vikilazwa, fupi. Na mimi ni mrefu.

Basi ndivyo ilivyo. Jeupe litanifaa mimi, siku moja. Jekundu litamfaa Yudith miaka yote atakayobaki hapa bila mimi. Nikiliandika hivyo jibu linaonekana hata kwa mtoto wa darasa la kwanza. Kwa nini basi Valentino aliponiuliza nilisema nipe muda?

Jumanne, 11 Machi

Nimejiambia: pima kwanza, ndipo uamue. Huenda kwenye lile jekundu jeneza likaingia kimshazari. Nikamwita Ramadhani, fundi seremala wetu. Vitanda, milango, majeneza, vyote vya kijiji hiki vimetoka mikononi mwake. Alikuja mapema, amefunga, hata chai sikumkaribisha. Yudith alikuwa ameshakwenda kazini.

Nikamwambia nataka anipime. Akauliza, kitanda? Nikasema hapana, kile kingine.

Alivua kofia. Akasema, Mwalimu, sisi humpima aliyekwisha kulala. Nikamkumbusha nilimfundisha kidato cha kwanza na cha pili na sijawahi kumwomba kitu. Maskini Ramadhani. Akakata mwanzi uani kama afanyavyo siku zote, nikajinyoosha kwenye benchi, akaulaza ubavuni mwangu, utosi hadi kisigino, akaongeza shubiri ya kichwani na ya miguuni. Akaukata. Usoni hakunitazama kabisa.

Nikamtuma ashuke nao Lushoto kwa Valentino, akaupime kwenye magari yote mawili. Akaweka mwanzi begani, akashika njia.

Jumatano, 12 Machi

Mjinga mimi! Digrii na umri wote huu. Ni nani hapa kijijini asiyejua maana yake, Ramadhani akionekana anatoka nyumbani kwa mtu na mwanzi begani?

Wa kwanza kufika jana alikuwa jirani yetu, Mama Modesta, na mzigo wa kuni kichwani, analia kwa sauti. Akanikuta barazani nakula bada ya muhogo. Kuni zikaanguka. Akanitazama, akatazama ndani, akauliza kwa kunong'ona, sasa ni nani? Nikamwambia, bado. Nyuma yake wakaja wengine, wenye ndoo za maji, wenye sufuria kubwa za kanisa. Wanaume wawili walikwisha kwenda na majembe kupasafisha pembeni ya kaburi la Eliza. Mmoja aliporudi akanikuta nanywa maji, aliniamkia mara mbili.

Haya yote ningeyacheka. Lakini Yudith alipewa pole njiani. Mtu alimkuta anatoka zahanati akamshika mkono, akamwambia jikaze. Alipanda kilima chote kile akikimbia, kiatu kimoja amekiacha kwenye matope.  Aliweka vidole viwili shingoni kwangu, akahesabu. Watu wote wamesimama wanatazama. Halafu akaingia ndani.

Mama Modesta alikataa kuzirudisha kuni. Akasema kuni za msiba huwezi kuzirudisha kwako, utauita. Zipo uani.

Alhamisi, 13 Machi

 Yudith anapikia kuni za msiba wangu.

Ijumaa, 14 Machi

Ramadhani alileta jibu. Kwenye jeupe mwanzi umeingia, kiti cha mbele kikisogezwa. Kwenye jekundu umekataa, hata kimshazari. Alikuwa anapaswa kuniambia mimi, lakini mlangoni alimkuta Yudith.

Yudith alikuja barazani na mwanzi mkononi.

"Kabichi," akasema.

Nikamweleza yote. Daktari, pikapu, Soni, ile honi. Nilisema nikiwa natazama miti. Alisikiliza akiwa amesimama. Kisha akasema yeye ni muuguzi, ya moyo ameyajua tangu Krismasi. Alikuwa akingoja nimwambie mwenyewe. Ila la kabichi hakulijua. Alikuwa ameanza kufikiri akili zinaniacha!

Akakaa chini, kwenye ngazi. Akaniita kama alivyoniita alipokuwa mdogo, kwa Kishambaa.

"Tate, mlima huu hutaupanda umelala nyuma. Utaupanda umekaa mbele, unanigombeza kila kona. Nikiona siku zinakwisha nitakuja kukutoa huko Moshi, waseme watakavyosema."

"Na ukichelewa?"

Aliutazama ule mwanzi.

"Nikichelewa nitakodi gari. Zuri, la kufunga mlango. Lakini sitachelewa."

Hakunidanganya. Angeniapia tu kwamba hatachelewa, bila hilo la kukodi, nisingemwamini. Aliinuka akaenda kuuchomeka mwanzi shambani. Maharage yalikuwa yanatafuta kitu cha kupandia.

Jumatatu, 17 Machi

Jekundu. Kadi imeandikwa jina la Yudith, si langu. Nilitia sahihi pale palipobidi, mbaya, kama nyayo za kuku. Valentino akauliza, na zile kabichi, Mzee? Nikamwambia nimeacha biashara hiyo.

Lipo uani tangu Jumamosi, Yudith anajifunza kulichaji kabla umeme haujakatika. Jana aliniamsha usingizini kunionyesha limejaa.

Kesho Moshi. Nitalazwa.

Jumatano, 2 Aprili

Mombo. Gari limesimama chini ya mlima. Mvua. Naandika kitabu kikiwa kifuani kwa sababu kiti amekilaza, na hewa naivuta kwa awamu.

Amekuja kunitoa. Juzi alipiga simu wodini, akaisikia sauti yangu, jana akawa mlangoni. Daktari wa zamu alimwambia haya ni makosa. Yudith akasema ndiyo, nipe karatasi nisaini. Usiku tulilala Same kwenye nyumba ya wageni, gari limechomekwa dirishani kwetu kwa waya mrefu.

Barabara ya Soni udongo umeporomoka tangu asubuhi. Yudith ameshuka kuuliza, amejifunika kanga. Namwona anaongea na dereva wa lori la kabichi. Kabichi tena! Mlima umeingia mawinguni kuanzia kiunoni.

Chaji si nyingi. Nimepiga hesabu ya uzito na kimo, kama zamani, nikaongeza na ya upotevu. Kwa gari inatosha. Yangu mimi sijaipiga.

Amerudi, kanga imelowa. Upande mmoja umefunguliwa, wanapita mmoja mmoja. Ameketi, amefunga mkanda, ameweka vidole viwili shingoni kwangu. Amehesabu kwa muda mrefu. Hakusema amepata ngapi.

Ameniinua kiti kidogo nione barabara. Anasema niweke kalamu, Tate, kona ya kwanza ni ile pale, nimgombeze.

Nimemwambia anakwenda mbio mno. Gari bado limesimama.