Nyapara Mwenye Moto

Jumatatu, 1 Machi 1965

Mzungu wetu, msimamizi wa barabara, anarudi kwao mwezi wa tano. Nafasi yake atapewa Mwafrika! Bwana Nyarangi, afisa wa Homa Bay, alipita leo kambini kwetu, njia ya Ndhiwa. Alinikuta nimevua shati, nakimbia toka kwa wenye sururu hadi kwa wenye karai. Akawaambia vibarua: mnamwona Makori? Huyu ana moto. Uhuru unataka watu wa moto.

Kweli ninao. Nalala kidogo sana na hata baridi ya alfajiri siisikii.

Alhamisi, 4 Machi

Nimekula ugali wa watu watatu na bakuli la omena, dagaa wa ziwani. Saa nane nina njaa tena. Mkanda nimeutoboa tundu la nne. Karani wetu, Maurice, anasema cheo kinanikondesha kabla sijakipata. Wivu — naye ameomba nafasi hiyo hiyo.

Vibarua wamenipa jina: Macho. Eti yametoka nje, yanaona hadi nyuma ya greda. Nimefurahi. Nyapara asiyeogopwa ana kazi gani?

Sabato, 6 Machi

Nyumbani, Suna. Wakati wa mahubiri nilitoka nje mara tatu. Siwezi kukaa. Moyo unapiga kama nimepanda mlima na baiskeli. Mke wangu Kezia ameniuliza kwa nini namwaga uji kila nikishika kikombe. Nimemwambia ni nguvu, zikizidi hutetemesha mkono. Akapangusa meza.

Jumanne, 9 Machi

Leo nimemfukuza kazi Cephas Onyango, wa Kisegi. Mvivu wa aina yake. Jua la saa saba, yeye amevaa koti zito. Uso umevimba kwa usingizi. Ukimwita, anageuka polepole mpaka unasahau ulichomwitia. Wenzake karai tano, yeye moja.

Nilimpigia kelele hadi koo likakauka. Akasema, kwa ile sauti yake nzito, "Nyapara, mimi si mvivu. Mwili ndio haunifuati."

Miaka sita barabarani, halafu maneno kama hayo. Kwenye karatasi, mahali pa sababu, nikaandika: Uvivu. Bwana Nyarangi amemtuma dereva aniambie: vizuri sana.

Ijumaa, 19 Machi

Nimeanguka. Si kuanguka kabisa — nilipiga magoti juu ya kokoto za marram, moyo ukakimbia ukaniacha nyuma. Vibarua walidhani nasali, wakavua kofia. Maurice peke yake ndiye aliyeleta maji. Na ndiye aliyempelekea Kezia habari. Nani alimtuma?

Jumatano, 24 Machi

Homa Bay, hospitali. Kezia kanileta, hakuniuliza.

Daktari, Mhindi mpole, alisema ninyooshe mikono, akaweka karatasi juu ya vidole. Karatasi ikacheza. Akanishika shingo, nikameza mate. Akauliza: unakula sana na bado unakonda? Unasikia joto wenzako wakisikia baridi? Huna usingizi? Hasira za haraka? Huwezi kukaa kitako? Nikadhani anasoma barua yangu ya kuomba kazi.

Kasema ni tezi ya shingo. Ipo hapa mbele ya koo, ina umbo la kipepeo, na inatoa homoni inayouambia mwili uende mbio kiasi gani. Yangu imezidisha. Inauchapa mwili fimbo usiku na mchana. Mapigo, kutetemeka, macho, yote ni kazi yake. Nisipotibiwa, moyo utachoka. Vidonge kila siku, na zitapita wiki kadhaa ndipo nione nafuu.

Nikamuuliza kama naweza kuanza baada ya intavyuu ya cheo.

Kezia akasema, "Daktari, usimjibu huyo. Niambie mimi saa za kumpa."

Nje kwenye benchi — Cephas! Ndani ya koti lile lile. Dada yake, Phelesia, ndiye aliyemleta. Sikuwa na pa kujificha. Phelesia alimweleza Kezia, bila kuniangalia mimi, kwamba ni tezi. Ya shingo. Ya kaka yake imelala, haitoi ya kutosha. Ndiyo maana baridi, uso kuvimba, sauti kuwa nzito, mwili kutofuata. Naye amepewa vidonge.

Tezi ile ile. Mmoja anatafutiwa cheo, mwingine anafukuzwa.

Cephas alinisogezea nafasi nikae.

Jumapili, 11 Aprili

Kezia anasimama mbele yangu hadi nimeze, kisha anasema, "Baba Orpah, fungua kinywa." Mbele ya watoto. Nimelala saa sita mfululizo. Sijui kama ni jambo la kujivunia.

Jumatatu, 26 Aprili

Leo nilikaa nikawatazama vibarua. Wanafanya kazi! Kumbe walikuwa wakifanya siku zote, na mimi nilikuwa napita katikati yao nikiwazuia. Tumemaliza kalvati la kupitishia maji bila kelele. Dereva wa Bwana Nyarangi akapita, akaniuliza kama naumwa.

Nimekula na Maurice. Nilijaribu kukumbuka kwa nini nilikuwa namchukia.

Wiki iliyopita nilimwandikia Bwana Nyarangi: Cephas Onyango alikuwa mgonjwa, anatibiwa, kosa ni langu, naomba arudishwe. Hajajibu.

Alhamisi, 29 Aprili

Homa Bay, ofisini. Naandikia hapa kwenye ngazi za nje.

Walikuwa watatu ndani. Bwana Nyarangi alianza: "Makori, nasikia moto umepungua." Nikamweleza habari za tezi. Wakatazamana. Mmoja akaomba nipaze sauti, wasikie ninavyoamrisha watu. Nilijaribu. Ilitoka kama salamu.

Bwana Nyarangi akacheka kidogo, akasema sauti itarudi. Halafu akaweka karatasi mbili mezani. Moja ni barua ya cheo, jina langu limeshapigwa taipu. Nyingine ni ile ya kumfukuza Cephas. Akasema barua yangu ya juzi hakuiona na hataki kuiona. Nyapara aliyekosea mwezi wa tatu hawezi kuwa msimamizi mwezi wa tano, na ofisi haifukuzi wagonjwa. Kwa hiyo nithibitishe neno moja tu: Uvivu. Sahihi hapa kwanza, kisha pale.

Nikaomba ruhusa nitoke kidogo.

Kezia ananisubiri ng'ambo ya barabara, amekaa juu ya kikapu chake. Hajaniona. Akiniona atajua, sijui nitamwambia nini. Maurice yuko kwenye benchi, zamu yake ndiyo inayofuata. Ameniuliza wanauliza nini mle ndani. Nimemwambia wanauliza mambo ya kalvati.

Mtumishi wa ofisi ametoka sasa hivi. Bwana Nyarangi anauliza mbona nachelewa. Nimemwambia natafuta kalamu.

Naandikia hiyo hiyo.